Donda Ndugu na Swali la Msamaha

Lugha yetu imekipa jina kidonda kisichopona: donda ndugu. Aliyewahi kumuuguza mtu mwenye kidonda cha namna hiyo mguuni hahitaji kuelezwa maana ya jina. Kidonda kimekaa nyumbani miezi, pengine miaka. Kinaoshwa kila asubuhi na kufungwa upya, kinatengewa fedha ya bandeji kama vile mtoto anavyotengewa fedha ya madaftari, na watu wa nyumba wamekwisha kuizoea harufu yake. Kimekuwa mmoja wao. Ndiyo maana jina hilohilo tunalitumia kwa ugomvi wa ukoo usiokwisha. Tunasema jambo lile limekuwa donda ndugu.

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni la kale katika Kanisa: mtu aliyetendewa uovu wa kweli anapaswa kuiacha hasira yake lini? Tuchukue mfano tunaoufahamu sote. Mama mmoja amefiwa na mumewe. Kabla matanga hayajaanuliwa, shemeji yake amekwisha kupanda mipaka mipya shambani, na ekari mbili zilizokuwa zikiwalisha watoto zimekuwa zake. Mama anakwenda kwa wazee wa usharika. Wazee wanamsikiliza, wanamhurumia, kisha wanamwambia: "Mama, wewe ni Mkristo. Samehe, yaishe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mama anaitikia, "Nimesikia, wazee," anarudi kwake. Tangu siku hiyo, shemeji anapoinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye hubaki kwenye benchi.

Wapo pia wanaomshauri kinyume. Hao humwambia, "Usisamehe hata siku moja. Wafundishe wanao wamjue adui yao."

Nadhani washauri hawa wote wanakosea mahali pamoja. Wote wanaichukulia hasira kuwa kitu kimoja kisichobadilika, ambacho ama hutupwa mara moja ama hushikwa daima. Mwili wa binadamu, ambao tunakiri kwamba Mungu aliuumba kwa namna ya kutisha na ya ajabu, unalishughulikia jeraha kwa njia nyingine. Naomba tuutazame kwanza unavyofanya kazi, kisha tuulize kama unatufundisha lolote.

Moto unaotumwa

Mtu akijikata kwa panga shambani, damu hutoka kisha huganda. Saa chache baadaye, nyama inayozunguka jeraha huwa nyekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Mwandishi Mrumi aitwaye Celsus aliziandika dalili hizo nne katika karne ya kwanza, karne ileile ya mitume, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari hujifunza orodha yake. Kitaalamu hali hiyo huitwa inflamesheni, neno ambalo asili yake katika Kilatini ni kuwasha moto. Humu nitaiita mwako, kwa kuwa sisi nasi husema kidonda kinawaka moto.

Kwa muda mrefu watu wengi waliuona mwako kuwa ndio ugonjwa wenyewe. John Hunter, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyewahi kuwatibu askari wenye majeraha ya risasi, alikataa. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1794, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alieleza kwamba mwako ni kazi njema ya mwili uliojeruhiwa. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa viumbe aitwaye Metchnikoff alichoma miiba midogo katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao huonyesha ndani kama kioo. Asubuhi yake aliona seli zimekwenda zenyewe na kuuzunguka mwiba. Kwa kazi iliyotokana na uchunguzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Leo tunajua kila dalili ina sababu yake. Wekundu na joto vinatokana na damu nyingi inayopelekwa mahali pale. Uvimbe ni maji yanayopenya kutoka katika mishipa, yakiandamana na seli nyeupe za damu zinazokwenda kuua bakteria. Maumivu humzuia mtu asiutumie mguu kabla ya wakati. Madaktari wanaowahudumia wagonjwa ambao seli zao nyeupe zimepungua mno wanalijua jambo hili vizuri. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa na maambukizi mazito, na ngozi yake isionyeshe wekundu wala usaha. Utulivu ule si afya. Ni mwili usio na askari wa kutuma.

Hasira ya mtu aliyedhulumiwa nayo, kwa kuanzia, ni askari aliyetumwa. Inasema: hapa pameumizwa, msipite kana kwamba hakuna kitu. Marko anasimulia siku ya Sabato ambapo Bwana Yesu aliingia katika sinagogi na kumkuta mtu mwenye mkono uliopooza (Marko 3:1-6). Waliokuwa wakimvizia walinyamaza. Yesu akawatazama kwa hasira, na Marko anaongeza palepale kwamba alihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Mstari huohuo unamalizika kwa mkono kunyooshwa na kuwa mzima. Tuangalie mpangilio huo: hasira, huzuni, kisha mkono ulioponywa. Hasira ya Bwana ilikuwa na kazi, ikaifanya, ikaishia katika uponyaji. Kwa hiyo yule mjane anapowaka kwa sababu watoto wake wamenyang'anywa chakula, hatuna haki ya kumwambia kwamba kuwaka kule ni dhambi. Kama asingewaka kabisa, tungekuwa na sababu ya kuhofu kwamba amekwisha kukata tamaa ya nafsi yake.

Usifunge kilicho kichafu

Ipo kanuni ya upasuaji ambayo wasiokuwa madaktari huishangaa. Jeraha lililoingia udongo au lililotokana na kung'atwa na mnyama mara nyingi halishonwi siku hiyohiyo. Huoshwa kwa maji mengi, nyama iliyokufa hukatwa, kisha jeraha huachwa wazi chini ya bandeji. Baada ya siku kadhaa, likiwa safi, hushonwa, au huachwa lijijaze lenyewe kutoka chini kwenda juu. Mgonjwa hulalamika kwamba ameachwa na shimo. Lakini daktari anajua kwamba akishona juu ya uchafu, nje patapendeza na ndani patakuwa jipu. Usaha usiokuwa na njia ya kutokea hutafuta njia yake ndani ya nyama, na unaweza kuingia hata katika damu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nabii Yeremia aliwalaumu makuhani na manabii wa siku zake kwa jambo hilihilo: waliiponya jeraha la watu juujuu, wakitangaza amani mahali pasipo na amani (Yeremia 6:14). Waliolaumiwa walikuwa watu wa dini. Walipenda amani, au angalau walipenda kelele zikome, nao wakaliziba jeraha kabla ya kulisafisha.

Wazee wetu wa usharika walimnukulia mjane ile methali ya yaliyopita si ndwele. Ni methali nzuri kwa mambo yaliyokwisha kupita. Shamba lililochukuliwa halijapita. Kila msimu wa kupanda linachukuliwa upya, na kila jioni watoto wanalala na njaa ya shamba lilelile. Hiyo ni ndwele, tena ya leo.

Mtu atauliza: je, Bwana hakumwambia Petro asamehe hata saba mara sabini? Aliambiwa hivyo, nasi hatuna ruhusa ya kupunguza hesabu hiyo. Lakini tusome sura nzima. Katika Mathayo 18, kabla Petro hajauliza swali lake, Yesu amekwisha kueleza la kufanya ndugu anapokukosa. Nenda ukamwonye mkiwa wawili. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Asiwasikie hao, liambie kanisa. Hatua hizo ni usafishaji wa jeraha: kosa linatajwa, linashuhudiwa, na aliyekosa anaitwa ajibu. Tumezoea kuwahubiria waliojeruhiwa mstari wa 22 na kuwaruka waliojeruhi katika mstari wa 15. Wazee wale wangeanza kwa shemeji. Wangekwenda kwake wawili, wakamuuliza kuhusu mipaka. Kisha wangemsindikiza mama kwenye baraza la ardhi la kijiji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kazi hiyo isingekuwa kinyume cha msamaha. Ingekuwa maji ya kuoshea.

Moto unaogeuka

Hata hivyo, simulizi la mwili haliishii kwenye vita, na hapa wale wanaoshauri hasira ya kudumu nao wanapaswa kusikiliza.

Seli nyeupe zinazofika kwanza kwenye jeraha huishi muda mfupi. Hupigana na kufa, na nyingi ya hizo ndizo usaha tunaouona. Kadiri siku zinavyopita huongezeka seli nyingine kubwa zaidi, ziitwazo makrofaji, yaani walaji wakubwa. Hizo nazo huja kama wapiganaji. Hula bakteria, hula mabaki, hula hata zile seli zilizotangulia kufa. Kisha hubadilika. Tabia ya kupigana hupungua ndani yao, nazo huanza kutoa ishara za kuita wajenzi: mishipa midogo mipya ya damu, na seli zinazofuma kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama na ngozi. Aliyekuwa askari anakuwa msimamizi wa ujenzi.

Zamani wataalamu walifikiri mwako huzimika wenyewe kama moto uliokosa kuni. Mwanzoni mwa karne hii, kazi ya Charles Serhan wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake ilionyesha kuwa sivyo. Mwili hutengeneza vitu maalumu vya kuumaliza mwako, baadhi yake kutokana na mafuta kama yale ya samaki. Vitu hivyo huzuia askari wapya wasiendelee kuingia na kuwahimiza walaji wasafishe mahali pa vita. Hata mwisho wa mwako ni kazi inayofanywa.

Jambo hili lina maana kubwa kwa swali letu. Tumezoea kusema kwamba muda huponya. Muda peke yake hauponyi. Muda ukipita juu ya jeraha lisiloshughulikiwa, linageuka kuwa donda ndugu. Kusamehe ni tendo, na anayelitenda ni yuleyule aliyekuwa na hasira, kwa nguvu ileile aliyokuwa nayo. Nguvu iliyomfanya mjane asimame mbele ya baraza ndiyo itakayomfanya siku moja aamue kwamba watoto wake hawatakula uchungu kama urithi. Sisi Wakristo tunaamini kwamba uamuzi huo hautoki katika nguvu zetu tu. Ni neema ya Roho Mtakatifu. Lakini neema huja kufanya kazi ndani ya mtu aliye hai, kama vile amri ya kujenga inavyotoka ndani ya jeraha lenyewe.

Basi donda ndugu ni nini? Mara nyingi ni jeraha lililokwama katika siku zake za kwanza. Limekosa kugeuka. Kwa mgonjwa wa kisukari, kwa mfano, ambaye damu haifiki vizuri mguuni na hahisi anapojigonga, askari huendelea kuja wiki baada ya wiki. Silaha zao ni vimeng'enya vinavyoyeyusha, navyo havichagui. Huyeyusha bakteria, na pia huyeyusha zile nyuzi changa za kolajeni ambazo wajenzi wamezifuma jana. Kinachojengwa mchana kinabomolewa usiku. Ulinzi uliokuja kuutetea mwili ndio unaouzuia usipone.

Upo ugonjwa mwingine unaoonyesha jambo hili kwa namna ya kuhuzunisha zaidi. Mtoto anapata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoki. Koo linapona. Wiki mbili au tatu baadaye anapata homa ya baridi yabisi, na maungio yake yanavimba. Kwa kuwa sehemu za bakteria yule zinafanana na sehemu za mwili wa mtoto, ulinzi wake umechanganyikiwa na kuanza kuushambulia moyo. Maungio hupona yasiache alama, lakini vali za moyo zinaweza kukakamaa kwa makovu, na mashambulizi yakirudi huzidi kuharibika. Ndiyo maana watoto hao huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Tunao wengi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Mtoto huyo anaumizwa na vita ambavyo adui wake amekwisha kuondoka.

Koo nyingi za watu zinaishi hivyo. Babu aliyehamisha mpaka amekwisha kuzikwa, na babu aliyedhulumiwa naye amezikwa. Wajukuu wao, waliosoma darasa moja na kubatizwa katika kisima kimoja, hawaruhusiwi kuoana wala kuchangiana msiba. Hasira yao haimgusi tena yule aliyekosa. Inawapiga wanaofanana naye, na mwisho inaupiga moyo wa ukoo wenyewe. Anayemwambia mjane awafundishe wanawe chuki anawaandalia ugonjwa huo.

Onyo moja

Kabla sijaendelea, nitoe onyo. Wapo wahubiri ambao, wakisikia maneno kama haya, watakwenda kumwambia mgonjwa kwamba kidonda chake hakiponi kwa sababu hajasamehe, au kwamba baridi yabisi ya bibi ni matunda ya uchungu moyoni. Sikusema hivyo. Mtoto mwenye vali mbovu hajamkosea mtu. Mgonjwa wa kisukari anahitaji sukari yake ishuke, mguu wake upumzishwe usikanyagiwe, na kidonda chake kisafishwe na mtaalamu. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu azaliwe kipofu, Bwana aliwakatalia swali lenyewe (Yohana 9:1-3). Ninautazama mwili kama mfano wa kufundishia, jinsi Bwana alivyoutazama mtini na mbegu ya haradali. Tukiugeuza mfano kuwa hukumu juu ya wagonjwa, tutakuwa tumewaongezea jeraha.

Mfano una mpaka mwingine. Mwili hauchagui, makrofaji haiombi wala haijaribiwi. Mwanadamu huchagua, na kwa sababu hiyo anaweza kukataa kugeuka, na anaweza pia kugeuka mahali ambapo kila mtu amekata tamaa.

Aliyeumizwa na ndugu

Biblia inayo habari ndefu ya mtu aliyeumizwa na ndugu zake hasa: Yusufu. Alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ukiongeza miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, zilikuwa zimepita takriban 22 tangu auzwe alipojitambulisha kwa ndugu zake. Wanaohubiri msamaha wa haraka huanzia kwenye machozi na mabusu ya Mwanzo 45. Lakini sura tatu zinatangulia. Yusufu anasema nao kwa ukali. Anawaweka kifungoni siku tatu. Anawasikia wakikiri wao kwa wao kwamba wana hatia juu ya ndugu yao, anajitenga na kulia. Anawajaribu juu ya Benyamini, aone kama watamwacha huyu nao kama walivyomwacha yeye, na Yuda anajitoa awe mtumwa badala ya kijana. Hapo ndipo Yusufu anaposhindwa kujizuia. Hata katika kusamehe halifichi kosa. Anawaambia waziwazi kwamba yeye ndiye waliyemuuza Misri. Jeraha lilikwisha kusafishwa mpaka chini, nalo likaweza kufungwa.

Lakini vipi kama aliyekosa hakiri? Shemeji anaweza kufa bila kuomba radhi. Je, mjane abaki na moto wake mpaka kaburini? Hapa pia mwili una la kuonyesha. Vijidudu vya kifua kikuu ni vigumu kuviua kabisa. Mwili usipoweza kuvimaliza, seli za ulinzi huvizungushia ua, na ndani ya ua huo vinaweza kulala miaka mingi. Wengi walioambukizwa hawaugui kamwe. Adui hajatubu wala hajaondoka, ila hatawali tena. Ua huo una walinzi, na mtu anapodhoofika kwa njaa au kwa ugonjwa mwingine unaweza kubomoka, lakini kwa miaka yote hiyo mtu analima, anaoa na kulea. Kumsamehe asiyetubu kunafanana na hilo. Mjane hawezi kurudisha udugu peke yake, maana udugu ni wa watu wawili. Anaweza kukataa kumlipa ovu kwa ovu, akamkabidhi kwa Mungu anayehukumu kwa haki, na akaweka ua: hati ya shamba iandikwe, mipaka ipimwe, na shemeji asiwe msimamizi wa mali ya watoto. Ua si chuki. Humwezesha mama kumwombea mtu yule bila kumwogopa.

Kovu na riziki ya kila siku

Jeraha lililopona huacha kovu, nalo halilingani na ngozi ya kwanza. Jeraha lililokwenda ndani huacha kovu lisilo na vinyweleo wala matundu ya jasho. Likichukua miezi kujiimarisha, hufikia takriban asilimia 80 ya nguvu za ngozi ya awali, wala halizidi sana hapo. Anayemwambia aliyesamehe kwamba mambo yawe kama zamani anadai ambacho hata mwili haukitoi. Bwana mwenyewe, alipofufuka, alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu wenye alama. Mwili wa utukufu ulibaki na makovu, na makovu yale hayakuwa yakitoa damu wala hayakuwa yakimshitaki mtu. Petro aliyemkana aliyaona, na akapewa kondoo awalishe.

Tena kovu linahitaji kulishwa. Mwaka 1740 jeshi la majini la Uingereza lilituma merikebu chini ya Anson kuizunguka dunia. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Katika habari za safari hiyo, zilizochapishwa mwaka 1748, limeandikwa jambo la ajabu. Baharia mmoja alikuwa amejeruhiwa katika vita vya Boyne, Ireland, miaka 50 nyuma. Majeraha yake yalikuwa yamepona kitambo. Kiseyeye kilipomshika, yalifunguka upya kana kwamba hayajawahi kupona. Leo tunaelewa sababu. Kolajeni ya kovu huchakaa na kufumwa upya wakati wote, na bila vitamini C mwili hauwezi kuifuma vizuri. Kovu la nusu karne lilikuwa likishikiliwa na chakula cha kila siku.

Yusufu alilijua hilo pia. Yakobo aliishi Misri miaka 17, na alipokufa ndugu zake waliogopa kwamba sasa Yusufu atalipiza. Wakatuma ujumbe kuomba msamaha ambao walikwisha kupewa. Yusufu alilia, kisha akawafariji na kuwaahidi tena chakula, wao na watoto wao (Mwanzo 50:15-21). Baada ya miaka yote hiyo ilimbidi asamehe tena. Nadhani ndiyo sababu Bwana, alipotufundisha kusali, aliweka ombi la riziki ya leo na ombi la msamaha moja baada ya jingine. Aliyesamehe jana ataamka leo, atapita kando ya shamba, na moto utataka kuwaka. Hajaanguka kwa hilo. Anahitaji riziki ya leo.

Basi, mtu aliyedhulumiwa aiache hasira lini? Hasira ifanye kazi iliyotumwa, jeraha litajwe na kusafishwa, na hapo aliyeumizwa ajitoe kwa Mungu ili nguvu ileile igeuke kuwa ya kujenga, hata kama aliyemkosea hatakuja. Nani ajue kama jeraha ni safi? Mwenye jeraha anajua, na walio karibu naye wanaweza kumsaidia, kama vile mwuguzi anavyosaidia kutazama mguu ambao mgonjwa mwenyewe hauoni vizuri. Tukiwa wazee wa usharika, wachungaji, mama wa vikundi vya sala, hiyo ndiyo kazi yetu. Tusimharakishe mjane kufunga. Tusimwache pia peke yake na moto wake mpaka ukawa ndugu. Twende kwa shemeji kwanza, kisha turudi kwake na maji.